Usukani Uliolegea: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kukaza Boksi

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya madereva, mataniboi na mafundi wa tawi letu la Wajir)



Nimeombwa niseme juu ya usukani uliochakaa. Jambo hili si geni kwa mtu yeyote aliyeketi hapa. Mwenye lori la maji alijua, mwenye Land Rover ya zamani alijua, na hata yule aliyepewa trekta au mashine ya kukata majani alijua. Wazungusha usukani, gari halijibu. Waongeza kidogo, nalo laruka upande. Dereva anakuwa kama mtu anayemwongoza ngamia kwa kamba ndefu mno: yeye avuta huku, na ngamia amekwisha kwenda kule.

Nitasema mambo matatu. Kwanza, kwa nini usukani walegea. Pili, namna ya kuutafuta ugonjwa na kuuponya. Tatu, namna ya kujilinda wewe mfanya kazi, ili ubovu wa gari usije ukawa deni lako.

KAZI YETU NA BARABARA ZETU

Kaunti yetu ya Wajir ina eneo la kama kilomita 56,000 za mraba. Kutoka Garissa mpaka hapa, kwa njia ya Modogashe na Habaswein, ni zaidi ya kilomita 300. Mwaka wa 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kuendeleza njia ya kutoka Isiolo kwenda Mandera, inayopita Modogashe, Habaswein na hapa Wajir. Lami ni kitu chema, nasi twaishukuru. Lakini lori la maji haliishii kwenye lami. Watu wanaosubiri maji wako upande wa Eldas, Hadado, Tarbaj, Buna na Diif, na mbele yake tena, mahali ambapo barabara ni mistari miwili ya magurudumu katika mchanga na mawe.

Nyote mwakumbuka ukame ule wa misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022. Siku zile, katika vijiji vingi, maji yaliyoletwa na lori ndiyo yaliyowaweka watu na mifugo hai. Kwa hiyo dereva wetu ana mzigo wa namna mbili. Mmoja uko nyuma yake katika tangi, na wa pili uko moyoni: ajua kwamba watoto wanamngoja. Na hapo ndipo tajiri humwambia, "Nenda tu hivyo hivyo, watu wana kiu." Ni kweli watu wana kiu. Lakini lori lililolala ubavu njiani halimnyweshi mtu yeyote.

Tufanye hesabu kidogo. Lita 10,000 za maji ni uzito wa tani 10, na uzito huo hautulii. Tangi lisipojaa, maji huenda huku na huku. Dereva akichelewa kurudisha gari kwa sababu usukani wacheza, maji husukuma upande ule ule anaoukimbia. Tena gari likienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde lapita karibu mita 17. Ukipoteza nusu sekunde kwa kuzungusha usukani mtupu, umekwisha kupita mita 8 bila kuliongoza gari. Mita 8 ni nyingi kama mbele yako kuna mbuzi, au mtoto, au ukingo wa korongo.

KWA NINI USUKANI HULEGEA

Tangu mikono ya dereva mpaka gurudumu la mbele kuna mnyororo wa vyuma. Kuna nguzo ya usukani na viungo vyake. Kuna boksi la usukani, lililofungwa kwa bolti katika chasisi. Chini ya boksi kuna mkono unaoning'inia. Kutoka mkono huo kuna chuma kirefu kiitwacho dragi linki, kinachovuta gurudumu la upande mmoja. Tena kuna tairodi, inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kila mwisho wa vyuma hivi kuna kichwa chenye gololi ndani. Na gurudumu lenyewe lageuka juu ya kingipini, ambayo imo katika bushi zake.

Hesabuni mahali ambapo chuma chasuguana na chuma. Katika zile Land Rover za Series, zilizoundwa tangu 1948 mpaka 1985, na ambazo mafundi wazee hapa wazijua kama mikono yao, kuna vichwa sita vya gololi peke yake, na tena kuna kile kiungo cha kati kilichofichwa ndani ya chuma cha mbele cha chasisi. Kila mahali pakilegea kwa upana wa unywele tu, dereva huyapata mapengo yote hayo pamoja mkononi mwake. Hii ndiyo sababu gari laweza kucheza sana, na fundi akishika kiungo kimoja kimoja aona kila kimoja "si kibaya".

Adui mkubwa kwetu ni vumbi. Lile vumbi jeupe la chokaa la Wajir ni laini kama unga. Mpira unaofunika kichwa cha gololi ukipasuka, vumbi na mchanga huingia, huchanganyika na girisi, na girisi ile hugeuka kuwa msasa. Kuanzia hapo, kila kona inakikwangua chuma. Mpira uliopasuka ni kitu kidogo, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

BOKSI SI LA KWANZA, NI LA MWISHO

Sasa nasema neno ambalo ndilo kubwa katika hotuba hii. Fundi mwenye haraka, aambiwapo usukani unacheza, huchukua spana na bisibisi akaenda moja kwa moja kwenye boksi. Juu yake kuna skrubu ya kurekebisha. Aikaza, dereva ajaribu, mchezo umepungua, wote wafurahi. Ndugu zangu, mara nyingi huo si uponyaji, ni kuficha.

Sikilizeni sababu. Gari huenda moja kwa moja kwa muda mrefu kuliko linavyopiga kona. Kwa hiyo meno ya ndani ya boksi huchakaa zaidi pale katikati, na yale ya pembeni hubaki manene. Ukikaza mpaka mchezo wa katikati uishe, yale ya pembeni yatabanana. Dereva akiingia kona, usukani utakuwa mzito, na akitoka konani hautarudi wenyewe. Na kile kichwa cha gololi kilichokuwa karibu kuchomoka bado kiko vile vile, ila sasa hakuna anayekisikia.

NAMNA YA KUUTAFUTA UGONJWA

Kazi hii yataka watu wawili na nusu saa. Haitaki mashine yoyote ya ghali.

Kwanza, simamisha gari mahali pa sawasawa, magurudumu yatazame mbele. Kama usukani wasaidiwa na pampu, washa injini. Weka alama ya chaki juu ya usukani. Zungusha kwa vidole viwili upande mmoja mpaka gurudumu la mbele lianze kusogea, kisha upande wa pili vivyo hivyo. Pima kwa ukingo wa usukani. Kitabu cha gari ndicho hakimu wako. Kwa kulinganisha tu, sheria ya malori ya Marekani yasema hivi: usukani wenye upana wa milimita 508 usicheze zaidi ya milimita 64 kama hausaidiwi na pampu, na milimita 133 kama wasaidiwa. Hapo ni mwisho kabisa, mahali pa kulizuia gari lisiende. Mtu asingoje kufika hapo.

Pili, magurudumu yakiwa bado chini na uzito juu yake, mmoja akae ndani, autikise usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia. Wa pili aingie chini, gari likiwa limefungwa breki na kuzuiwa kwa mawe. Afuate mwendo kutoka juu kwenda chini. Aangalie viungo vya nguzo. Aangalie boksi lenyewe: je, linasogea juu ya chasisi? Ikiwa linasogea, bolti zimelegea au chasisi ina ufa. Kisha atazame chuma kinachoingia katika boksi na mkono unaotoka chini yake. Kile cha juu kikizunguka na wa chini ukikaa kimya, hapo ndipo boksi lina kosa. Kisha aweke vidole juu ya kila kichwa cha gololi, nusu juu ya chuma kimoja na nusu juu ya chuma cha pili. Macho hudanganywa, vidole havidanganywi. Mahali ambapo chuma cha kwanza chaenda na cha pili chachelewa, hapo piga alama ya chaki.

Tatu, inua ekseli ya mbele kwa jeki, na uiweke juu ya stendi za chuma au magogo imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ugonjwa ni wa beringi ya gurudumu. Mchezo ukibaki, ugonjwa ni wa kingipini na bushi zake. Kisha shika gurudumu kushoto na kulia, ulitikise, na hapo utazisikia tairodi.

Baada ya hayo mwahesabu alama za chaki. Hiyo ndiyo orodha ya matengenezo. Haikutoka katika kichwa cha mtu, imetoka katika gari.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Anza na gurudumu, rudi nyuma mpaka boksi.

Beringi ikilegea, isafishe, itazame, itie girisi mpya, na uirekebishe kama kitabu kisemavyo, gurudumu lizunguke huru bila kucheza. Ikiwa ina mabaka au imebadilika rangi kwa moto, tupa.

Kingipini iliyokwisha yataka kingipini mpya na bushi mpya, pande zote mbili za gari. Tundu la bushi likwanguliwe mpaka kingipini iingie barabara bila kulegea. Hakikisha tundu la girisi la bushi limekutana na lile la nje, kwani bushi ikigeuka kidogo, utapiga girisi mwaka mzima na isiingie. Tena piga girisi gurudumu likiwa limeinuliwa, ili girisi ifike hata kwenye beringi ya chini inayobeba uzito.

Kichwa cha gololi kilichochakaa hakitengenezwi, chabadilishwa. Kabla ya kukifungua, pima urefu wa tairodi na uandike, ili mpya ikae pale pale. Kumbuka kwamba mwisho mmoja wa tairodi huwa na nyuzi za kushoto. Kukitoa, legeza nati, kisha piga kwa nyundo ubavu wa chuma kilichokishika, na nyundo ya pili iwe imeegemezwa upande wa pili. Usipige nyuzi. Ukifunga kipya, kaza nati mpaka kipimo chake. Kama tundu la pini halijakutana na mfuo wa nati, ongeza kukaza kidogo, usirudi nyuma kamwe. Na pini iwe mpya. Pini ya zamani iliyonyooshwa kwa koleo si pini.

Sasa ndipo uende kwenye boksi, kama bado lina mchezo wake. Tazama mafuta yake, na kama yanavuja. Fungua dragi linki ili boksi liwe peke yake. Rekebisha magurudumu yakiwa katikati, kisha zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia. Ukisikia mahali pagumu, umekaza kupita kiasi, legeza. Kama haiwezekani kupata katikati pasipolegea na pembeni pasipobanana, boksi hilo limekwisha, lataka meno mapya.

Mwisho pima magurudumu ya mbele yanavyotazamana. Piga alama ya chaki katikati ya kila tairi, kwa kimo cha ekseli, pima umbali wa mbele na umbali wa nyuma, ulinganishe na kitabu. Gari liende polepole kwanza, na baada ya safari ya kwanza nati zote zitazamwe tena.

Mwenye trekta, au mashine ndogo ya kukata majani ile ya kupandwa, asidhani maneno haya hayamhusu. Katika mashine nyingi za namna hiyo hakuna boksi. Kuna gia ndogo chini ya nguzo, nayo yasukuma kipande cha gia kubwa kilicho wazi, kisha vyuma viwili vyaenda kwenye magurudumu ya mbele. Utaratibu ni ule ule: kwanza bushi za magurudumu, kisha vichwa vya vyuma, kisha gia. Na kwa kuwa gia ile iko wazi, futa mchanga wote kabla ya kupaka girisi, na upake kidogo. Girisi nyingi katika nchi ya vumbi ni mtego wa mchanga.

DAWA ZA NJIANI

Sote tumeona kipande cha tyubu kilichosokotwa ndani ya kichwa cha gololi, bati la mkebe lililozungushwa katika bushi, na waya uliofungwa mahali pa pini. Tena kuna wanaochomelea. Chuma cha usukani kisichomelewe wala kisinyoshwe kwa moto, kwa maana moto huondoa ugumu wake, nacho hukatika bila kutoa habari. Ikiwa mmekwama porini na hamna budi kulitoa gari mahali pa hatari, litoeni polepole, tangi likiwa tupu, mpaka mahali pa kwanza pa usalama. Lakini dawa ya njiani isiingie mjini ikawa ndiyo matengenezo. Mkebe uliowekwa siku ya Jumatatu usikutwe humo mwezi wa pili.

ANDIKA, NDUGU YANGU

Sasa nafika kwenye jambo la tatu. Ajali ikitokea, swali la kwanza ni hili: nani alikuwa ameshika usukani? Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, yataka gari liwe katika hali isiyoleta hatari, na anayeliendesha likiwa bovu aweza kushtakiwa. Neno la kusema "tajiri alijua" halina uzito kama halikuandikwa popote.

Lakini sheria hazimwachi mfanya kazi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema kwamba mfanya kazi aonapo hatari kubwa au iliyo karibu, na amripoti msimamizi wake. Na mpaka hatari hiyo iondolewe, mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pale pa hatari. Sheria hiyo hiyo yakataza mfanya kazi kuadhibiwa kwa sababu ya kulalamikia usalama. Na mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, yataka kuwe na kamati ya usalama na afya. Kama pale pako mko 20 na kamati haipo, liletwe hilo katika mkutano ujao.

Tena kuna habari ya mshahara. Kuna matajiri ambao lori likivunjika hukata mshahara wa dereva mwezi baada ya mwezi. Sheria ya Ajira ya 2007 yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Kingipini iliyoliwa na mchanga kwa miaka si kosa la makusudi la mtu yeyote. Lakini utalionyeshaje hilo, kama hukuandika?

Kwa hiyo nawaomba kila gari liwe na daftari moja. Dereva aandike tarehe, kilomita, na ubovu alioukuta, kwa maneno ya wazi. Asiandike "usukani mbaya." Aandike, "Kichwa cha tairodi upande wa kushoto kimelegea, mpira umepasuka, usukani wacheza milimita 90." Aandike mara mbili, msimamizi atie sahihi, nakala moja ibaki kwa mwakilishi wetu wa kazini. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie, naye aweke kidole chake. Hakuna aibu katika jambo hilo. Aibu ni kunyamaza.

Nanyi mafundi, msitie sahihi ya "tayari" kwa kazi ambayo hamkuifanya. Dereva na taniboi ni ndugu zenu katika chama hiki, nao hulala juu ya neno lenu. Mkinyimwa vipuri, andikeni kwamba vipuri vilikosekana.

Na kama fundi ameandika ubovu, dereva ameuandika pia, na bado tajiri asema gari liende, basi jambo hilo si la dereva mmoja tena. Ni la tawi zima. Mtu mmoja akikataa, aitwa mvivu. Ishirini wakikataa wakiwa na daftari mkononi, wasikilizwa. Na siku ile gari litakapotengenezwa, maji yatafika Eldas na Buna, na waliopeleka maji watarudi nyumbani kwa watoto wao.

Mwenye swali na aulize. Baada ya mkutano, walio na nafasi twendeni pale nje kwenye lori, mmoja apande aushike usukani, nasi wengine tuingie chini na chaki.